Habari za Kumeza Taa, na Damu ya Watu wa Ziwa Albert

Wasomaji wetu wakaao kando ya ziwa, toka Kasenyi hata Mahagi-Port, hawana haja ya kuelezwa habari ya mtu kutapika damu. Wamekwisha kuiona. Kijana mwenye nguvu amevuta nyavu usiku kucha. Asubuhi arudi, auza samaki wake, ala, alala. Jioni ashikwa na kichefuchefu, na mara atapika damu tele, nyekundu, yenye mabonge meusi kama maini. Hakuwa na homa. Hakulalamika juu ya maumivu. Pengine kesho yake amekwisha kuzikwa. Na kabla hajazikwa, watu wamekwisha kuulizana: jana alikunywa pombe kwa nani?

Swali hilo twalijua. Likiisha kuulizwa, hutafutwa mtu wa kubebeshwa jibu, na mara nyingi hupatikana: mjane mwenye kuuza pombe, au ndugu waliyegombana naye juu ya mtumbwi, au mke wa pili. Wako waliofukuzwa kijijini kwa sababu hiyo, na wako waliopigwa. Lakini damu ile ina njia yake, njia ya miaka kumi au ishirini, na watu wamepata chombo cha kuionea kwa macho. Chombo hicho ni mpira mrefu wenye taa nchani, ambao mgonjwa huumeza hata tumboni. Wengi wauogopa mpira huo kuliko ugonjwa wenyewe.

Kwanza tuseme juu ya mahali. Mji wa Mahagi uko juu milimani penye baridi. Mahagi-Port iko chini penye joto, ukingoni mwa ziwa. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita 160 hivi na upana wa kilomita 30. Waalur huliita Onekbonyo, yaani muua nzige, kwa kuwa nzige wakijaribu kulivuka huchoka na kuanguka majini. Mwingereza Samuel Baker alilifikia upande wa mashariki mwezi wa Machi 1864, akalipa jina la mume wa malkia wake. Mobutu naye alilipa jina lake mwenyewe, nalo limepita pamoja naye.

Bandari hii iliingia katika karatasi za wakubwa mwaka 1894, Mfalme Leopold II alipopatana na Waingereza. Mkataba mwingine wa mwaka 1906 ulimwachia ukanda wenye upana wa kilomita 25, ili Kongo ipate njia ya kushuka mpaka ziwani, na Mahagi ikawa ndani ya ukanda huo. Hivyo Waalur wakagawanywa, hawa Kongo na hawa Uganda, wala hakuna aliyewauliza. Msomaji aukumbuke mpaka huo, maana tutauvuka tena tukimtafutia mgonjwa wetu hospitali. Zamani za Wabelgiji meli iliyoitwa Robert Coryndon, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilikuwa ikitoka Butiaba ng'ambo ya pili kuleta abiria na mizigo. Maji ya ziwa yalipopanda sana katika miaka ya mwanzo ya 1960, bandari ya Butiaba iliharibika, na meli hiyo ikazama mwaka 1964. Meli zilikwisha, ila uvuvi haukwisha. Watu wamezidi kujaa kando ya maji kwa ajili ya mputa na ngege, kwa ajili ya makayabo yanayopandishwa milimani, na siku hizi kwa ajili ya dagaa wanaoanikwa mchangani. Nyumba zimebanana. Na penye mchanga na maji ya karibu, choo cha shimo ni kazi kuchimba. Shimo hujaa maji au kuta zake huanguka. Jambo hili dogo la choo ndilo mwanzo wa damu ile.

Ugonjwa wenyewe ni kichocho. Watu wa pwani ya bahari wakisikia neno hilo hufikiri mkojo wenye damu. Hicho ni kichocho cha namna nyingine. Cha Ziwa Albert ni kichocho cha matumbo. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz ndiye aliyewaona minyoo wa kichocho mara ya kwanza, mwaka 1851, alipokuwa akipasua maiti katika hospitali ya Cairo. Kwa hiyo wazungu wauita ugonjwa huu bilharzia. Ikapita miaka zaidi ya sitini, na hakuna aliyejua mnyoo aingiaje mwilini. Wengine walidhani hunywewa na maji. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Leiper, naye huko Misri, ndiye aliyeonyesha kwamba njia yake hupita ndani ya konokono.

Njia yenyewe ni hii. Mtu mwenye minyoo aenda haja karibu na maji. Mayai yafika majini, yapasuka, na kila yai latoa kadudu kasikoonekana kwa macho, kanakoogelea kumtafuta konokono mdogo wa namna moja. Kasipompata, siku hiyohiyo hufa. Kakimpata, huingia ndani yake na kuzaana, na baada ya majuma machache konokono huyo hutoa maelfu ya vijidudu vyenye mkia wa panda. Hutoka mchana, hasa jua linapokuwa kali, yaani saa zile akina mama wafuapo nguo na watoto waogapo. Hupenya ngozi kwa dakika chache, wala mtu hajui. Pengine ajikuna kidogo. Mwilini hukua wakawa minyoo, dume na jike, na huishi wawili wawili katika mishipa ya damu ya matumbo, jike akikaa katika mfuo wa mwili wa dume. Huweza kukaa humo miaka mingi. Jike hutaga mayai kama 300 kwa siku moja.

Wasomaji wafanye hesabu wenyewe. Mayai mengine hutoka na choo. Mengine hupotea njia, huchukuliwa na damu mpaka katika ini, na huko hukwama. Ini huyazungushia kovu, kovu juu ya kovu, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1904 daktari aitwaye Symmers alieleza maini aliyoyapasua Misri: ndani mlikuwa na makovu meupe, magumu, kama vijiti vya kiko cha udongo. Makovu hayo huibana mishipa iletayo damu toka matumboni kuingia katika ini.

Sasa damu ipite wapi? Hufanya kama mto uliozibwa: hutafuta vijito vya kando. Vijito hivyo vimo katika umio, yaani njia ya chakula kati ya koo na tumbo, na juu ya tumbo lenyewe. Ni mishipa myembamba isiyoumbwa kwa kubeba damu nyingi. Hufura, hujipinda, hutokeza ndani ya umio kama mishipa ya miguu ya mama aliyezaa watoto wengi. Bandama nayo huvimba. Halafu siku moja mshipa mmoja hupasuka. Hakuna sumu iliyotiwa, wala mkono wa mtu. Ajali hiyo ilianza pengine mtoto alipokuwa na miaka sita, akicheza majini kwa furaha.

Habari hizi si za Misri tu. Daktari Jacques Schwetz, aliyetumikia Kongo ya Wabelgiji, aliandika pamoja na mwenzake Dartevelle katika miaka ya 1940 juu ya konokono wa maziwa yetu, na Ziwa Albert lilikuwamo. Mwaka 1972 madaktari Ongom na Bradley walichapisha habari za kijiji cha Panyagoro, upande wa Uganda, penye Nile itokayo katika ziwa letu. Waliona ugonjwa umeenea mno, na baadhi ya watu walipelekwa hospitali ili wachunguzwe zaidi. Upande wa Ituri, uchunguzi wa vijiji uliofanywa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba kichocho cha matumbo kimo katika jimbo, na kwamba vijiji vya kando ya ziwa ndivyo vilivyoumia zaidi.

Basi, njia ya damu ilijulikana. Lakini kujua kwamba jambo hutokea kwa watu si sawa na kuliona ndani ya mtu huyu aliye kitandani mbele yako. Damu aitapikayo mtu yaweza kutoka mahali pengi. Yaweza kutoka katika kidonda cha tumbo, ambacho mara nyingi huletwa na vijidudu walivyovigundua Barry Marshall na Robin Warren huko Australia mwaka 1982. Yaweza kutokana na pombe kali, au na vidonge vya maumivu ambavyo wavuvi humeza kila siku tumbo likiwa tupu ili wapate kuvuta nyavu. Yaweza kutoka katika uvimbe mbaya. Dawa ya hili si dawa ya lile. Yampasa daktari aone.

Na tamaa hiyo ya kuona ni ya zamani. Mwaka 1868, katika mji wa Freiburg nchini Ujerumani, Daktari Adolf Kussmaul alisikia habari za mtu wa michezo ya sokoni aliyeweza kumeza upanga. Watu wengine hucheka na kutupa senti; Kussmaul alifikiri. Upanga umenyooka, nao wapita: kwa nini bomba lisipite? Akatengeneza bomba la chuma lenye urefu wa sentimita 47 na unene wa milimita 13, akamwomba mmeza upanga alimeze. Likapita. Lakini taa yake ilikuwa ya mafuta, nje ya mdomo, na mwanga wake hafifu. Hakuona jambo la maana. Tunampenda daktari huyu kwa sababu hakuona haya kujifunza kwa mtu wa sokoni.

Baada yake, mwaka 1881, Johann Mikulicz wa Vienna alitia waya wa umeme uwakao nchani mwa bomba, na maji ya kuupoza usimwunguze mgonjwa. Yeye alimpa mgonjwa morfina kwanza. Hapo ndipo tunapoona mwanzo wa kumtuliza mtu kabla ya kumchungulia. Mwaka 1932 Rudolf Schindler wa Munich alipata bomba linalopindika kidogo upande wa chini. Lilikuwa bado la kuogofya. Sifa ya kazi ya Schindler yamhusu pia mkewe Gabriele, aliyekishika kichwa cha mgonjwa na kumtuliza kwa maneno wakati wote. Schindler alifungwa na serikali ya Hitler. Mwaka 1934 akahamia Chicago, akaifundisha Marekani kazi yake.

Mageuzi makubwa yalikuja na nyuzi za kioo. Katika mwezi wa Januari 1954 Harold Hopkins na Narinder Kapany, huyu wa pili mzaliwa wa India, waliandika kutoka London kwamba wamefunga pamoja nyuzi nyingi za kioo, nyembamba kama unywele, na picha ikapita ndani yake hata zikipindwa. Maandiko yao yalisomwa na kijana mmoja daktari, Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika ya Kusini aliyekuwa akifanya kazi Michigan. Pamoja na Wilbur Peters na mwanafunzi Lawrence Curtiss akatengeneza mpira mwororo wenye nyuzi hizo. Mwaka 1957 ulipokuwa tayari, Hirschowitz aliumeza yeye mwenyewe kwanza. Baada ya siku chache tu ndipo alipomchunguza mgonjwa, mama mmoja mwenye kidonda. Toka mwaka 1983 kamera ndogo imewekwa nchani penyewe, na picha huonekana katika kioo kama cha televisheni.

Na sasa tueleze jinsi mambo yanavyokwenda, maana hofu hukaa penye giza.

Mgonjwa huambiwa asile kwa saa sita au nane, ili tumbo liwe tupu. Mwenye kula na kuficha hujidhuru mwenyewe, kwa kuwa chakula chaweza kupanda na kuingia katika mapafu. Huulizwa kama ana meno ya bandia, nayo hutolewa. Hunyunyiziwa kooni dawa chungu iletayo ganzi; mate huwa mazito, na mtu adhani hawezi kumeza, lakini aweza. Hulazwa kwa ubavu wa kushoto. Huwekewa kati ya meno pete ya plastiki, asiung'ate mpira. Kidoleni hubanwa kifaa kidogo chenye mwanga mwekundu, kinachohesabu mapigo ya moyo na hewa iliyomo katika damu. Kisha dawa hutiwa polepole katika mshipa wa mkono.

Juu ya dawa hiyo yasemwa mengi. Wengine husema: ukilala hutaamka. Wengine husema: utatoa siri zako zote. Tujibu. Dawa itumiwayo sana ni ya jamaa ya diazepamu, iliyoanza kuuzwa mwaka 1963. Siku hizi hupendwa zaidi midazolamu, ambayo haikai mwilini muda mrefu. Si usingizi wa upasuaji. Mtu hupumua mwenyewe, na akiambiwa “meza”, humeza. Ila woga humtoka, na mara nyingi baadaye hakumbuki kitu. Hatari iko, hatutaificha: dawa ikizidi, pumzi hupungua, wazee na watu wenye ini lililoharibika yafaa wapewe kidogo. Ndiyo maana ya kile kifaa cha kidoleni, na ya mwuguzi anayekaa kichwani bila kazi nyingine. Iko pia dawa ya kuutangua usingizi huo. Na juu ya siri, mwenye mpira kinywani atasema nini? Akiamka pengine atapayuka maneno mawili matatu juu ya mbuzi wake, na wauguzi wamezoea kuyasikia.

Yafaa kusema pia kwamba hospitali nyingine hazitumii sindano hiyo, ila dawa ya kooni tu, na mtu mtulivu huvumilia. Mpira wenyewe ni mwembamba kama kidole cha mkono. Daktari huupitisha, hutia hewa kidogo ili kuta zitanuke, huangalia umio, tumbo na mwanzo wa utumbo mwembamba. Kazi yote huchukua dakika tano au kumi. Mtu akishaamka koo humwasha siku hiyo, na hucheua hewa.

Sasa tuvuke ule mpaka. Hospitali ya Mtakatifu Maria ya Lacor, karibu na Gulu, ilianzishwa mwaka 1959 na wamisionari Wakomboni, ikakuzwa na madaktari wawili, mume na mke, Piero Corti na Lucille Teasdale, waliofika mwaka 1961. Madaktari wa Lacor walichapisha mwaka 2012 habari za wagonjwa 224 waliotokwa na damu tumboni wakachunguzwa kwa mpira. Katika kila wagonjwa 100, kama 40 walikuwa na mishipa iliyofura katika umio. Wenye vidonda vya tumbo hawakufika 10. Katika nchi za wazungu ni kinyume: huko kidonda ndicho kinachoongoza. Hesabu hiyo twaiona ni ya thamani kubwa kwa watu wa ziwa. Daktari aliyejifunza katika vitabu vya mbali angempa mgonjwa wa Mahagi-Port dawa ya kidonda na kumrudisha nyumbani. Mpira waonyesha jambo jingine.

Tena mpira hauonyeshi tu. Katika miaka ya 1980 huko Denver daktari Stiegmann alipata njia ya kufunga mshipa uliofura kwa pete ndogo ya mpira, kwa chombo hichohicho kilicho ndani ya umio. Mshipa uliofungwa hunyauka, hukatika, na kovu hubaki. Baada ya majuma machache mgonjwa hurudi, na mingine hufungwa, mpaka iishe. Viko na vidonge vya propranololi vya kupunguza nguvu ya damu katika mishipa hiyo. Na hapa ugonjwa wetu una fadhili moja juu ya ule wa walevi: ini la mwenye kichocho, ingawa lina makovu, kwa kawaida hufanya kazi yake vizuri. Anayezuiliwa damu isitoke aweza kuishi miaka mingi na kulea watoto wake.

Dawa ya minyoo yenyewe ni prazikwanteli, iliyopatikana katika miaka ya 1970. Hunywewa mara moja, kwa kadiri ya uzito wa mtu. Huua minyoo, na kwa watoto hata ini huweza kupona sehemu kubwa. Lakini makovu ya zamani ya mtu mzima hayaondoi, wala haimzuii kuambukizwa tena akirudi majini. Wagawaji wa dawa wakipita kijijini mchana, wavuvi wengi wamelala au wako ziwani, na wengine huikataa kwa kuwa huumiza tumbo likiwa tupu. Yafaa mtu ale kwanza, ndipo anywe.

Linalobaki ni safari, nayo si ndogo. Barabara ya kwenda Bunia yapita Djugu, na tangu vita vya mwisho wa mwaka 2017 imefungwa mara nyingi. Wengi huona afadhali kupita Goli kuingia Uganda, au kwenda kwa mtumbwi. Mwenye kutapika damu hawezi kungoja: apelekwe kwanza katika hospitali iliyo karibu apate maji ya mshipani na damu ya kuongezewa, maana mpira hauingizwi kwa mtu aliyekaukiwa damu kabla hajapata nguvu. Aliyewahi kutapika akapona, au ambaye bandama yake imevimba, asingoje mara ya pili. Yeye ndiye wa kwenda kwa miguu yake. Achukue cheti cha daktari wake, na majina ya dawa zote azinywazo, hata zile za sokoni. Tena achukue ndugu mmoja wa kumsindikiza, kwa sababu akipewa sindano ya usingizi hataruhusiwa siku hiyo kuondoka peke yake, wala kuendesha pikipiki, wala kupiga kasia.